Panya shamba katika utafiti wa kinga ya mwili na saratani

Panya shamba (jina la kisayansi: Mastomys natalensis) ni mgugunaji mdogo wa familia Muridae anayeishi mashambani, vichakani na karibu na nyumba za watu katika sehemu kubwa ya Afrika kusini kwa Sahara. Nchini Tanzania anajulikana hasa kama adui wa mahindi. Hata hivyo yeye na ndugu zake wa jenasi Mastomys wametumiwa na wanasayansi kwa takriban miaka 80 kuchunguza magonjwa. Katika miongo ya karibuni wamesaidia kujibu maswali mawili makubwa: jinsi mwili unavyoweza kukaa na virusi bila kuugua, na jinsi saratani inavyoanza. Sehemu kubwa ya kazi juu ya swali la kwanza imefanyika Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru. Ile ya saratani imefanyika zaidi katika maabara za Afrika Kusini, Marekani na Ujerumani.

Mnyama huyu asichanganywe na panya buku (Cricetomys ansorgei), ambaye pia ameipatia Morogoro sifa. Panya buku ni mkubwa, anaweza kuzidi kilo moja, na shirika la APOPO humfundisha mjini Morogoro kunusa mabomu ya ardhini pamoja na makohozi ya watu wenye kifua kikuu. Panya buku hutumiwa kwa ajili ya pua yake. Panya shamba huchunguzwa mwili wake wenyewe.

Maumbile na uzazi

Panya shamba mzima huwa na uzito wa gramu 40 hadi 80 hivi, manyoya ya kahawia mgongoni na ya kijivu tumboni. Kinachomtambulisha ni chuchu. Jike huwa na jozi 8 hadi 12, zilizopangwa katika safu mbili kutoka kifuani hadi chini ya tumbo, wakati panya wa nyumbani (Rattus rattus) ana jozi tano au sita tu. Mimba huchukua takriban siku 23, na si ajabu kwa jike mmoja kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo.

Uzazi huo hufuata mvua. Mkoani Morogoro kuna mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Kwa kawaida panya huanza kuzaliana masika yakiwa yamekolea, majani mabichi na mbegu zikiwa tele, na huendelea mpaka kiangazi. Vuli ikiwa nyingi kuliko kawaida, huanza mapema. Watoto wanaozaliwa mwanzoni mwa mwaka huwahi kukua na kuzaa wenyewe katika mwaka huohuo, na hapo ndipo mashamba hufurika. Idadi ambayo katika miezi mibaya ni panya makumi machache kwa hekta moja inaweza kupanda hadi mamia. Mkulima huyaona matokeo siku chache baada ya kupanda: mbegu zimefukuliwa mstari kwa mstari, na inambidi kupanda upya. Kwa mahindi, hasara inayosababishwa na panya nchini Tanzania imekadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 15 ya mavuno kwa mwaka.

Si kila sehemu ya Uluguru ina panya hawa kwa wingi. Wanapenda ardhi iliyolimwa au kuachwa kwa muda, kwa hiyo wako mabondeni na kwenye miteremko yenye mashamba. Ndani ya misitu ya juu hupungua, na nafasi yao huchukuliwa na panya wa msituni kama vile Praomys delectorum.

Utafiti ulivyoanza Morogoro

Utafiti wa panya hapa ulianza kwa sababu ya chakula. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Antwerp cha Ubelgiji kutafuta namna ya kutabiri milipuko ya panya. Miongoni mwa watafiti walioijenga kazi hiyo ni Rhodes Makundi na Robert Machang'u wa SUA, na Herwig Leirs wa Antwerp. Uhusiano kati ya mvua za vuli na milipuko uliobainishwa katika miaka ya 1990 ni matunda ya kazi hiyo.

Njia yao ni rahisi kueleza lakini ngumu kuidumisha. Katika eneo la wazi la hekta 3 kuna vituo 300 vya mitego, kila kimoja mita 10 kutoka kwa jirani yake. Kila mwezi, kwa usiku tatu mfululizo, huwekwa mitego ya sanduku inayonasa panya akiwa hai, chambo kikiwa siagi ya karanga iliyochanganywa na unga wa mahindi. Anayenaswa hupimwa, hutiwa alama yake mwenyewe, hutolewa tone la damu na kuachiwa palepale. Akinaswa tena mwezi unaofuata, hujulikana ni yuleyule. Hivyo mtafiti anaweza kusema panya fulani alikuwa hana dalili ya maambukizi mwezi wa Juni, alikuwa nayo Julai, na bado yuko hai Oktoba.

Jambo hili halipatikani kirahisi kwa wanyama wengine wa utafiti. Maabara nyingi za dunia huchunguza kinga na saratani kwa kutumia panya weupe au samaki pundamilia (Danio rerio), samaki mdogo kutoka Asia ya Kusini. Samaki huyo ana faida ambayo panya hana: kiluwiluwi chake kinapenya mwanga, kwa hiyo seli za kinga zinaweza kutazamwa kwa hadubini zikikimbilia jeraha au kuzingira seli za saratani ndani ya mwili ulio hai. Lakini katika wiki zake za kwanza ana kinga ya asili tu, maana ile inayojifunza na kukumbuka bado haijakomaa. Tena, samaki aliyezaliwa ndani ya tangi na panya mweupe aliyezaliwa kizimbani hawaonyeshi kinga inavyofanya kazi kwa mnyama mwenye njaa, minyoo, viroboto na wapinzani. Panya shamba wa Morogoro huyaonyesha hayo yote.

Kirusi cha Morogoro

Mwaka 1969 ugonjwa mkali wa homa uligunduliwa katika mji wa Lassa, Nigeria. Miaka michache baadaye, nchini Sierra Leone, ilithibitishwa kwamba kirusi chake hubebwa na panya shamba. Homa ya Lassa huua maelfu ya watu kila mwaka katika Afrika ya Magharibi. Panya anayeibeba haonekani kuwa mgonjwa, na hilo ndilo fumbo. Kirusi kilekile kinachomwangusha mtu kinapita ndani ya mnyama mwenye uzito wa gramu 50 bila kumzuia kula wala kuzaa.

Kukichunguza kirusi cha Lassa kunahitaji maabara za kiwango cha juu kabisa cha usalama, ambazo ni chache duniani. Kwa hiyo lilikuwa jambo la maana sana pale watafiti walipotangaza mwaka 2009 kwamba wamepata ndugu yake Morogoro. Walikuwa wamepima damu ya wanyama wadogo 2,520 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania, na Morogoro ikajitokeza kuwa kitovu cha maambukizi. Kirusi kilichopatikana ndani ya panya shamba kiliitwa kirusi cha Morogoro. Kinafanana sana na kirusi cha Mopeia kilichogunduliwa Msumbiji katika miaka ya 1970, na hakijulikani kumletea binadamu ugonjwa wowote.

Vipimo vile vilionyesha pia jambo lenye somo la kinga. Panya waliokuwa na kirusi chenyewe mwilini walikuwa wachache sana, lakini wengi walikuwa na kingamwili dhidi yake. Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kumtambua adui fulani, na hubaki hata baada ya adui kuondoka. Kwa hiyo picha hiyo ilimaanisha kwamba maambukizi ni ya kawaida lakini ya muda mfupi: panya huambukizwa, hukishinda kirusi, kisha hubaki na kumbukumbu.

Majaribio ya baadaye yaliyochapishwa mwaka 2015 yalithibitisha hivyo. Panya walioambukizwa kwa makusudi walikuwa na kirusi katika damu kwa muda usiozidi wiki tatu, na waliendelea kukitoa katika mate, mkojo au kinyesi hadi karibu siku ya 40. Kingamwili zilianza kuonekana siku ya 7 na bado zilikuwepo siku ya 210. Kwa mnyama ambaye porini ni nadra kuumaliza mwaka, hiyo ni sawa na kinga ya maisha. Hata hivyo ufuatiliaji wa muda mrefu wa panya walio huru ulionyesha kwamba wenye kingamwili wana uwezekano mdogo kidogo wa kuendelea kuishi kuliko wenzao.

Hali ni tofauti kwa wachanga. Panya anayeambukizwa katika siku zake za mwanzo, kabla kinga yake haijakomaa, anaweza kubaki na kirusi kwa miezi mingi. Sababu inaeleweka vizuri zaidi kutokana na kirusi kingine cha jamii hiyohiyo kinachoishi ndani ya panya wa maabara. Seli za kinga hufundishwa mapema kutofautisha kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Kirusi kikiwahi kuwepo wakati wa mafunzo hayo, seli huweza kukihesabu kama mwenyeji na kukiacha. Ni kwa kutumia kirusi hicho cha panya wa maabara kwamba Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, wakifanya kazi Canberra, Australia, katika miaka ya 1970, waligundua jinsi seli za T zinavyoitambua seli iliyoambukizwa. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1996. Ugunduzi wao uko chini ya matibabu mengi ya leo yanayoiamsha kinga dhidi ya saratani, kwa sababu seli ya T huitambua seli ya saratani kwa njia ileile.

Mpaka wa Gairo

Kama panya shamba yuko karibu Afrika nzima ya kusini kwa Sahara, kwa nini homa ya Lassa iko magharibi tu? Sehemu ya jibu imepatikana kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Mwaka 2015 kilielezwa kirusi kingine kutoka kwa panya wa Gairo, magharibi mwa mkoa wa Morogoro, kikaitwa kirusi cha Gairo. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba panya wa Gairo na wale wa mjini Morogoro ni wa koo mbili za spishi moja zilizotengana zamani na kukutana tena. Katika ukanda mwembamba ambapo koo hizo hukutana panya huzaana, na hakuna mto wala mlima unaowatenganisha. Hata hivyo kila kirusi hubaki upande wa ukoo wake.

Kwa macho huwezi kuwatofautisha panya hao. Virusi vinaweza. Maana yake ni kwamba ramani ya spishi haitoshi kueleza hatari ya ugonjwa. Inabidi kujua ukoo, na ikiwezekana kujua ni kitu gani ndani ya seli za ukoo huo kinachokikubali kirusi kimoja na kukikataa kingine.

Uvimbe wa tumbo

Historia ya Mastomys katika utafiti wa saratani ni ya zamani zaidi. Nchini Afrika Kusini panya hawa walianza kufugwa maabara mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya utafiti wa tauni. Mwaka 1957 A. G. Oettlé alieleza kwamba wengi wa waliozeeka kizimbani walipata saratani ya tumbo bila kupewa kitu chochote cha kuisababisha, jambo lililo nadra sana kwa panya. Baadaye, mwaka 1969, Snell na Stewart wa Marekani walitambua kwamba uvimbe huo hutokana na seli za ukuta wa tumbo zinazotoa histamini, kemikali inayoamuru asidi itengenezwe.

Seli hizo huchochewa na homoni iitwayo gastrini. Asidi ikipungua tumboni, mwili hutoa gastrini zaidi, na seli za histamini hupokea amri ya kukua. Katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba Mastomys wakipewa dawa kali ya kuzuia asidi hupata uvimbe ndani ya miezi michache badala ya kungoja uzee. Wakati huo dawa kama omeprazoli zilikuwa zinaingia sokoni, na swali la usalama wake lilikuwa la haraka. Je, mtu anayezimeza kwa miaka atapata yaliyompata panya?

Jibu lilikuja kwa sehemu mwaka 1998. Kipokezi cha gastrini cha Mastomys kilipatikana kuwa na mabadiliko madogo yanayokifanya kipeleke ishara hata gastrini isipokuwepo, kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa. Kumbe mnyama huyu amezaliwa nusu ya safari akiwa ameshaimaliza, na matokeo yake hayawezi kuhamishiwa kwa binadamu moja kwa moja. Njia yenyewe lakini ni ya kweli kwetu pia. Kuna watu ambao kinga yao wenyewe hushambulia seli za tumbo zinazotoa asidi. Gastrini yao hupanda kwa miaka mingi, na baadhi yao hupata uvimbe wa aina hiihii. Hapo kosa la kinga na chanzo cha saratani hukutana katika ugonjwa mmoja.

Kirusi cha ngozi na chanjo

Mwaka 1978 watafiti wa Ujerumani walieleza kirusi cha papiloma kutoka kwa Mastomys waliofugwa huko. Panya hao huambukizwa wakiwa wadogo, na wanapokaribia mwaka mmoja wengi huota vinundu vya ngozi. Virusi vya papiloma ni jamii kubwa. Aina zinazomshambulia binadamu ndizo zinazosababisha saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na ambayo chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018.

Mwaka 2014 kundi la watafiti kutoka kituo cha saratani cha Heidelberg lilichapisha jaribio la chanjo kwa panya hawa, iliyotengenezwa kwa ganda tupu la kirusi, yaani kwa njia ileile ya chanjo ya wasichana. Waliochanjwa hawakupata uvimbe, hata wale waliokuwa wakipewa siklosporini, dawa inayodhoofisha kinga. Swali hili lina uzito kwa watu waliopandikizwa figo, ambao hutumia dawa za namna hiyo maisha yao yote na hupata saratani ya ngozi mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Jaribio jingine, la mwaka 2017, liliunganisha kirusi na mionzi ya jua. Panya wenye kirusi waliomulikwa mionzi ya urujuanimno walipata saratani ya ngozi zaidi kuliko waliomulikwa bila kirusi. Katika baadhi ya uvimbe mbaya zaidi kirusi chenyewe hakikuonekana tena. Inaelekea kilisaidia kuanzisha uharibifu kisha kikatoweka. Kwa hiyo kutokipata kirusi ndani ya saratani iliyokomaa hakuthibitishi kwamba hakikuhusika. Kwa binadamu jambo hili bado linajadiliwa, na kwa watu wenye ualbino, ambao jua ndilo hatari yao kubwa, kofia, nguo ndefu na mafuta ya kukinga jua yanabaki kuwa kinga iliyothibitishwa.

Spishi ipi?

Msomaji anayefuatilia maandishi ya zamani atakutana na tatizo la majina. Kwa miaka mingi karibu kila Mastomys aliandikwa natalensis. Kuhesabu kromosomu kulionyesha kwamba kusini mwa Afrika kuna spishi mbili zinazofanana kama mapacha: M. natalensis yenye kromosomu 32 na M. coucha yenye 36. Panya wa Heidelberg ni M. coucha, ingawa kirusi chao bado kinabeba jina la natalensis. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba panya anayefukua mahindi Mgeta au Mlali ana tabia ya kupata uvimbe huo. Yeye ni ndugu wa karibu wa mnyama aliyechunguzwa, na ndugu hawafanani katika kila jambo.

Kinga ya panya na mitego ya mkulima

Njia ya kawaida ya kupambana na panya ni sumu, na mkulima ana haki ya kuitaka. Hata hivyo ujuzi wa kinga umebadilisha hesabu. Panya wazima wengi wameshaambukizwa na kupona, na hawaambukizi tena. Sumu ikiwekwa mara moja kwa mwaka huwaondoa hao pamoja na wengine, kisha nafasi hujazwa haraka na watoto wasio na kinga. Hesabu zilizofanywa kwa takwimu za vijiji vya Guinea, ambako kuna Lassa, zilionyesha mwaka 2019 kwamba udhibiti wa mara moja kwa mwaka hauwezi kukimaliza kirusi. Kinachoweza ni udhibiti usiokatika, au chanjo ya panya wenyewe endapo siku moja itapatikana.

Mkoani Morogoro kirusi cha eneo hilo hakijulikani kumdhuru mtu, lakini panya shamba hubeba vijidudu vingine, vikiwemo vya homa ya mgunda, na wilayani Lushoto alihusishwa na tauni. Nafaka zihifadhiwe katika vyombo vilivyofunikwa vizuri, majani yafyekwe kuzunguka nyumba, na panya aliyekufa asishikwe kwa mikono mitupu.